Kupandisha Mara ya Pili

Breka kubwa ya umeme ilianguka kwa kishindo, vumbi likaruka dirishani, na kiwanda kizima kikanyamaza tena. Melkiori hakushtuka. Alibaki amesimama mbele ya kabati la chuma, mikono mgongoni, akisikiliza transfoma iliyoko nje ikimalizia mngurumo wake. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika kumi mchana. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ukarudi muda mfupi uliopita, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kupandisha breka siku hiyo.

"Fundi!" Gerald, meneja wa kiwanda, alichungulia mlangoni akiwa na simu mbili, kila mkono na yake. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili, shati limechomekewa, viatu havijui vumbi. "Nini tena?"

"Imebugia tu, bosi. Nipe dakika tano."

"Mbegu zimo ndani ya mashine. Zikizidi kupoa zinashika, unajua mwenyewe. Tutazichokonoa kwa nondo mpaka kesho."

"Dakika tano," Melkiori alirudia bila kugeuka, na Gerald akaondoka akisonya.

Neno hilo la kubugia lilikuwa la marehemu mzee Leonidas, aliyemfundisha Melkiori kazi. Transfoma ikilala muda mrefu bila umeme, mzee alisema, ukiiamsha ghafla hubugia. Huvuta mkondo mkubwa, mara saba au mara nane ya ule inaotumia siku zote, halafu kufumba na kufumbua inatosheka na kutulia. Hapo hakuna kilichoharibika. Taabu iko kwenye rilei, kile kifaa chenye kioo kinacholinda laini. Kazi yake ni kuona mkondo uliozidi na kuiangusha breka, na chenyewe hakijui kutofautisha transfoma inayobugia na waya ulioanguka chini. Vyote kwake ni mkondo uliozidi. Zipo rilei za kisasa zinazojua tofauti, zinazosoma umbo la mkondo wenyewe. Mhandisi mmoja kutoka Dodoma alikuja kuangalia, akaandika ripoti ya kurasa nne akishauri inunuliwe moja. Gerald akasema msimu ukiisha. Misimu mitatu ilikuwa imeshaisha.

Basi Melkiori akawa na utaratibu wake. Breka ikianguka mara ya kwanza, unasubiri dakika tano, unapandisha. Ikianguka mara ya pili, unasubiri tena. Mara ya tatu inakaa, na mashine zinaanza kukamua. Wafanyakazi walimtania kwamba anaibembeleza mitambo kuliko anavyombembeleza mkewe, naye alicheka nao, maana moyoni alijivunia. Katika kiwanda kile cha alizeti, nje kidogo ya Kinyangiri, hakukuwa na mwingine aliyethubutu kuligusa kabati lile.

Kabla ya kupandisha tena ilimpasa arudishe bendera. Ndani ya kioo cha rilei mlikuwa na vibendera vinne vya bati jekundu. Vitatu vilikuwa vya nyaya tatu za laini, na transfoma ikibugia, kimoja au viwili kati ya hivyo huanguka. Cha nne kilikuwa cha ardhi. Hicho huanguka umeme unapoingia ardhini, maana yake waya umegusa mahali usipopaswa kugusa. Kilikuwa hakianguki ovyo, na siku hiyo kilikuwa kimeanguka.

Melkiori alikiona. Baadaye angetamani sana kusema hakukiona, angejaribu hata kujisadikisha hivyo, lakini alikiona, kwa pembe ya jicho, kiganja chake kikiwa tayari kwenye kitufe. Kiganja kikabonyeza. Vibendera vyote vikapanda, kioo kikawa safi, na yeye akabaki ameshika kile kitufe muda mrefu kuliko kawaida.

Alikumbuka mwaka juzi. Kibendera cha ardhi kilianguka hivyo hivyo, yeye akaifungua laini inayokwenda bondeni kwenye kisima cha kiwanda, akaitembea yote kwa miguu, kilomita tatu kwenda na kilomita tatu kurudi, jua la utosi, asikute hata tawi lililogusa waya. Aliporudi Gerald alimsema mbele ya wafanyakazi kwamba anatembeza kitambi wakati mbegu zinaoza. Mzee Leonidas naye aliwahi kumwambia kwamba kubugia kukizidi, hata cha ardhi hutikisika. Hayo mawili yalimtosha. Nje upepo wa Agosti ulikuwa unavuma tangu alfajiri, ule wa kung'oa mabati, na hilo pia alilijua, na hakuliunganisha na kibendera.

Dakika tano zake alizipima kwa chai. Alikunywa kikombe kimoja kutoka kwenye chupa aliyofungashiwa na mkewe, Aneth, akakung'uta majani, akarudi kwenye kabati na kupandisha.

Breka ikaanguka papo hapo. Alirudisha bendera, safari hii akiwa amegeuza uso pembeni kabisa, akasubiri tena, akapandisha mara ya tatu. Ikaanguka.

Alichukua fimbo ndefu ya kufungulia, akatoka mbio hadi nguzo ya kwanza ya laini ya bondeni, akaiondoa laini yote kwenye umeme wa kiwanda, kisha akarudi kupandisha. Breka ikakaa. Mashine zikaanza kunguruma, mtu akapiga mluzi huko ndani, na harufu ya alizeti ya moto ikajaa uwanjani. Gerald alimwinulia kidole gumba kupitia dirisha la ofisi.

Melkiori hakumwitikia. Breka imekaa bila laini ya bondeni, kwa hiyo kuna kitu bondeni. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi hivyo, na angeweza kuifanya robo saa mapema. Simu yake ikalia. Alikuwa Stefano, mtendaji wa kijiji.

"Fundi, zima umeme! Zima kila kitu!"

"Nimeshazima huko. Kuna nini?"

"Nguzo imelala kule kisimani. Mzee Yohana umeme umemshika." Stefano alihema kidogo. "Amekufa, fundi. Njooni."

Melkiori na Gerald walimkuta mzee amelazwa pembeni ya birika la kunyweshea ng'ombe, amefunikwa khanga mbili. Jembe lake lilikuwa hatua chache kutoka kwake, mpini umeungua katikati. Nguzo ilikuwa imeliwa na mchwa chini kabisa, pale ambapo mtu haoni mpaka achimbue, na upepo ulikuwa umeisukuma tu. Waya mmoja ulikuwa umelala juu ya bomba la chuma linaloingiza maji birikani.

Melkiori alimfahamu mzee Yohana vizuri. Shamba lake lilipakana na kisima, na kila Melkiori alipokuja kukagua laini, mzee alimkaribisha kivulini mwa nyumba yake, akamletea karanga za kukaanga kwenye kifuu, akamuuliza habari za umeme kama mtu anayeulizia ndugu aliye mbali. Nyumba ya Yohana haikuwa na umeme. Laini ilipita juu ya paa lake ikaenda zake.

Mkewe, mama Theodora, alikuwa ameketi chini kando ya ile maiti, miguu ameinyoosha mbele. Hakuwa analia. Wanawake walikuwa wamemshika mabega, na mmoja wao, jirani aliyeitwa Joyce, ndiye aliyewaeleza waliofika.

"Nguzo imeanguka tangu asubuhi, umeme ukiwa haupo. Tukasema wenye kiwanda wataona wenyewe. Mchana ukarudi, tukaona moto hapo kwenye bomba, paa! Halafu ukazimika. Kimya. Tulikuwa wote tumesimama pale kwenye mihogo, tumeuona umezimika. Mzee akasubiri. Saa saba ng'ombe wa watu wanakuja kunywa, wangeukanyaga. Akachukua jembe akaenda kuusogeza."

"Alisubiri muda gani?" Melkiori aliuliza.

"Dakika nne, tano hivi. Ndiyo ukawaka tena."

Gerald alikuwa amesimama nyuma yake. Alimgusa kiwiko na kusema kwa sauti ya chini kwamba waende kwenye gari.

Jioni ile, ofisini, Gerald alifunga mlango na dirisha. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alivuta kiti akakaa upande ule ule wa meza aliokaa Melkiori, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ulipandisha mara ngapi?"

"Tatu."

"Nani mwingine anajua?"

"Kiwanda kizima kimesikia breka ikianguka."

"Kiwanda kizima kinasikia breka ikianguka kila wiki. Hakuna anayehesabu." Gerald alisugua macho. "Sikiliza, mzee wangu. Kijiji kinataka barua ya maelezo, polisi wanataka barua ya maelezo. Tukiandika tatu, mimi nitaulizwa habari za rilei, nitapewa onyo. Wewe utaulizwa habari za mkono wako. Wewe ndiye utakayelala ndani. Tukiandika kwamba mzee alishika waya ukiwa na umeme, breka ikakata, ikaachwa hapo hapo, imeisha. Na si uongo sana. Alishika, breka ikakata. Tofauti ni dakika tu."

Melkiori alitaka kumwambia habari ya kibendera cha nne. Kama angeisema, Gerald angekuwa mtu wa pili duniani kujua, na jambo likijulikana na wawili haliwezi tena kukataliwa na mmoja. Alimfikiria Aneth. Alimfikiria binti yake Rahabu, aliyebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi. Alijifikiria na yeye, kusema haki, ndani ya chumba chenye nondo, akiulizwa: ulikiona, au hukukiona?

Akasaini. Kwenye daftari la zamu akaandika mstari mmoja: breka ilianguka mara moja, saa sita na robo, laini ya bondeni ikafunguliwa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, ule wa watu waliofundishwa zamani kuandika kwa kalamu ya wino, na mstari ule ukatoka umenyooka kabisa.

Maziko yalikuwa kesho yake alasiri. Kiwanda kilitoa jeneza na gari la kubebea viti. Mchungaji alipomaliza, Stefano alisimama kutoa neno la serikali ya kijiji, akaisoma barua, kwa kuwa watu walitaka kujua mwenzao amekufaje. Alisoma polepole, kila neno na uzito wake. Kwamba marehemu aliukaribia waya uliokuwa na umeme muda wote, akaugusa kwa jembe, na mitambo ya kiwanda ikakata umeme mara moja kama inavyotakiwa. Kwamba wananchi wanakumbushwa kutosogelea nyaya zilizoanguka. Akasoma na majina: Gerald, meneja, Melkiori, fundi mkuu wa umeme.

Melkiori alikuwa amesimama nyuma ya wanaume wa kwaya. Alisikia mtu akinong'ona kwamba mzee mzima anashikaje umeme unaowaka. Mwingine akajibu kwamba labda alishapata kidogo asubuhi. Yohana hakuwa mlevi, alikuwa mzee wa kanisa miaka ishirini, na kila aliyekuwa pale alilijua hilo, lakini lilisemwa na likaenda. Kule mbele mama Theodora aliinua kichwa barua ilipofika penye "muda wote". Alimtazama Joyce. Joyce akatazama chini. Karatasi yenye mhuri ilikuwa imesema, na wao walikuwa wanawake wawili waliosimama mbali, kwenye mihogo.

Siku nane zilizofuata Melkiori alikwenda kazini na kurudi. Chakula alikigusa tu. Aneth alimuuliza mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu akaacha. Kila umeme ulipokatika na kurudi, alikwenda kwanza nguzo ya kwanza na fimbo yake, akaifungua laini ya bondeni, akapandisha kiwanda peke yake, ndipo akairudisha laini. Ilichukua dakika kumi na tano. Ilikuwa inawezekana siku zote, na ilikuwa ni dakika kumi na tano tu, na kila alipozitumia zilimchoma upya.

Jumapili, baada ya ibada, alichukua baiskeli, akafunga kilo mbili za sukari na mche wa sabuni kwenye keria, akateremka bondeni. Njia nzima alijipangia la kusema. Alikuwa amekata shauri. Atasema yote, na kama mama akipiga yowe kijiji kikusanyike, kikusanyike.

Mama Theodora alikuwa uani anapepeta mtama. Alikuwa amenyoa nywele, na kichwa chake kilionekana kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Rahabu. Karibu. Vuta hicho kigoda, ukae." Aliweka ungo chini, akapokea sukari na sabuni kwa mikono miwili, akavipeleka ndani, akarudi na maji ya kunywa. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Tutafanyaje." Alikaa, akanyoosha miguu. Kuku walikuja kudonoa mtama uliomwagika, hakuwafukuza. "Ni vizuri umekuja. Nilikuwa na neno nataka kumuuliza mtu anayeujua umeme, na mimi kule kiwandani siwezi kwenda."

"Uliza, mama."

"Waya ukiwa na umeme ndani, unaweza kunyamaza? Usitoe cheche, usilie, ukalala kimya kabisa, na kumbe umo?"

Melkiori alijibu kabla hajawaza, kama alivyowajibu mamia ya watu kwa miaka yote ya kazi yake, kwa sababu ni jambo la kwanza fundi analopaswa kuwafundisha watu. "Unaweza, mama. Waya usiuamini kwa kuutazama. Lakini—"

"Basi." Mama Theodora alitikisa kichwa taratibu. "Basi ndivyo ilivyokuwa. Barua ilisema kweli."

"Mama, subiri—"

"Mimi ndiye niliyemwambia." Alisema akitazama ungo. "Joyce hajui, alikuwa mbali kidogo. Yeye mzee alikuwa anasitasita. Aliniuliza, mke wangu, unauonaje? Nikamwambia umezimika huo, nenda kautoe kabla ng'ombe hawajaja, unaogopa nini. Nikamwambia hivyo: unaogopa nini. Akacheka, akachukua jembe." Aliusogeza ungo pembeni. "Macho yangu yaliona umezimika, baba. Lakini yalinidanganya. Umeme ulikuwamo muda wote. Nimemtuma mume wangu kwenye kifo kwa mdomo wangu mwenyewe."

Melkiori aliteremka kutoka kwenye kigoda akapiga magoti.

"Mama, nisikilize. Macho yako hayakukudanganya. Siku ile ulizimika kweli. Breka ilianguka, umeme ukatoka wote, waya ukawa mtupu. Angekwenda wakati ule ule asingepatwa na kitu. Mimi ndiye niliyeurudisha. Nilikaa nikanywa chai, nikaurudisha, na yeye ameshika jembe. Ni mimi, mama. Wewe huna kosa lolote."

Melkiori alingoja yowe. Alikuwa tayari kwa yowe, kwa mate usoni, kwa ule mchi uliokuwa umeegemea ukuta. Badala yake uso wa mama ulilegea, na midomo yake ikawa na kitu kinachokaribia tabasamu.

"Una huruma wewe," alisema. "Yohana alinambia siku zote. Fundi yule ana huruma."

"Si huruma, mama! Kilianguka kibendera cha ardhi. Mle kwenye rilei mna vibendera vinne, cha nne ni cha ardhi, hicho kinaonyesha waya umegusa chini. Nilikiona. Nikafikiri ni transfoma, kwa sababu transfoma ikilala huwa inabugia..." Alisikia sauti yake mwenyewe. Vibendera, kubugia, chai. Hata masikioni mwake yalikuwa maneno ya mtu anayetunga huku anasema.

"Dakika hii umenijibu kwamba waya unaweza kunyamaza na umo."

"Unaweza. Lakini siku ile haukuwamo!"

"Na barua?"

"Barua niliandika uongo."

Mama Theodora alitikisa kichwa, safari hii kwa kukataa kabisa. "Hapana. Ilisomwa mbele ya jeneza, mchungaji amesimama. Mtu mwenye akili zako, mtu niliyemkaangia karanga kwa mkono wangu, akaandike uongo juu ya maiti ya Yohana? Hilo sikubali, hata ungeapa. Umenikuta nimekonda, umetafuta la kunitua mzigo. Mungu akubariki kwa hilo. Lakini usijitwike jambo lisilo lako."

"Mama, naapa."

"Usiape." Alimwekea mkono begani. Mkono ulikuwa mwepesi, una vumbi la mtama. "Na usiyaseme haya kwa Stefano, umenisikia? Watakuachisha kazi bure, na binti hajamaliza chuo. Mimi la kwangu nitalibeba. Sina safari ndefu."

Hapo Melkiori akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, kwenye ua wa mjane, mchana kweupe. Joyce alichungulia juu ya uzio wa matete, akaona, akarudi zake taratibu kwa heshima. Mama Theodora alimwacha alie. Alimpigapiga mgongo akamwambia, "Basi, baba, basi. Alikupenda na yeye."

Kila neno aliloongeza lilimfanya kuwa mtu mwema zaidi. Angeweza kwenda kwa Stefano, angeweza kwenda polisi, angeweza kulitoa daftari la zamu na kuonyesha mstari wake, na mstari wenyewe ungemkana, umenyooka, wa wino, na jina lake chini. Alikuwa ameujenga ukweli wa karatasi kwa mkono wake, na sasa ukweli mwingine haukuwa na pa kuingilia. Mjane huyu atakufa akiamini kwamba ni ulimi wake uliomuua mumewe. Melkiori alilielewa hilo lote kwa mara moja, pale chini, magoti yakiwa kwenye mtama.

Alipoinuka kuaga, mama Theodora alimwambia angoje. Alikwenda nyuma ya nyumba, pakasikika purukushani, akarudi na jogoo mwekundu mwenye miguu mirefu, amemfunga kwa kitambaa cha khanga.

"Huyu ni wa mama Rahabu. Mwambie nimeshukuru."

"Mama, siwezi kumpokea."

"Kwa nini? Kwa kuwa ni wa msibani?"

Angemkatalia nini tena? Alimpokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akashukuru. Alimfunga kwenye usukani, akapanda mlima wa kutoka bondeni akikokota baiskeli, upepo ukimjia usoni. Watu waliotoka kanisani walimsalimia njiani. Mmoja alimwambia amefanya jambo la maana kwenda kumwona mama, wengine wa kiwandani hata hawajatia mguu. Melkiori aliitikia kila salamu.

Aneth alikuwa mlangoni alipofika. Alimtazama macho yake yaliyovimba, kisha akamtazama jogoo.

"Huyu wa nani?"

"Wako. Mama Theodora amekupa. Amesema ameshukuru."

"Ameshukuru?" Aneth alifuta mikono kwenye kitenge, akasogea karibu. "Baba Rahabu, anashukuru nini?"

Melkiori alikuwa amemshika jogoo kwapani, mbawa zimebanwa, na chini ya manyoya alihisi moyo wa ndege ukienda mbio. Aneth alinyoosha mikono ampokee. Yeye hakumtoa: shukrani ile haikuwa yao.